Kitanda cha Kubeba, Maji ya Kuomba

Anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma siku hizi ana hiari ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, inamfikisha kwa muda usiotimia saa nne. Basi linakwenda kutwa, na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, kwa hiyo mtu anaweza kupanda Mbezi jioni akaamkia Dodoma. Mwenye gari lake dogo naye anafika kabla jua halijazama. Mimi na mjomba wangu tulichagua njia ya polepole kuliko zote hizo: gari ambalo mchana tunaliendesha na usiku tunalala humo humo.

Gari lenyewe ni Hiace ya mtumba kutoka Japani. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, alitoa viti vya nyuma, seremala akaweka kitanda cha mbao chenye makabati chini yake, na juu ya paa ikafungwa paneli ya sola ya kuchaji betri ya taa na friji ndogo. Ukifungua mlango wa nyuma unakuta meza ya kukunja, jiko la gesi la mtungi wa kilo sita, na tangi la maji la lita sitini. Marekani na Ulaya watu hununua magari ya namna hii yakiwa yamekamilika kiwandani, yana choo na bafu. Kwetu mengi hutengenezwa hivi, kwa akili ya fundi na mfuko wa mwenye gari, ukiacha zile Land Cruiser zenye hema juu ya paa ambazo watalii hukodi.

Mjomba ni dereva mstaafu wa malori. Ameipita barabara hii kwa miaka mingi akilala kabini, na ndiye aliyenifundisha kuisoma. Daftari hili ni la kulinganisha: safari yetu na ya madereva wa malori, na pia safari za wale waliolivuka eneo hili kavu zamani wakiwa wamebeba malazi yao. Nililoliona kila tulipolala ni moja. Gari la kulala humtosheleza msafiri kwa kitanda, jiko na taa. Maji na mahali pa kuegesha halimpi, na katika uwanda wa kati vitu hivyo viwili viko mikononi mwa wenyeji. Ugumu wa safari hii uko hapo, na raha yake iko hapo hapo.

Kibaigwa, kwa wenye kujua

Kutoka Morogoro barabara inapita Dumila, inapanda Gairo penye upepo wa baridi na magunia ya viazi kando ya lami, kisha inaingia nchi ya mibuyu. Kibaigwa ni soko kubwa la mahindi, na malori hujaa hapo usiku na mchana. Mjomba alitafuta nafasi katikati yao, si pembeni.

"Mpwa, barabarani hulali mbali na wenzako," aliniambia. "Mwizi humtafuta aliyejitenga."

Chini ya trela la jirani yetu palikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli. Utingo alilifungua akatoa jiko la mkaa, sufuria iliyoungua nje lakini ndani inang'aa, mfuko wa sembe, chumvi ndani ya kopo la maziwa, na dumu la manjano la lita ishirini lililofungwa kwa mpira wa tairi ili lisicheze njiani. Aliegemeza kipande cha boksi kwenye gurudumu kukinga upepo. Maji aliyapima kwa kikombe: haya ya ugali, haya ya mboga, haya ya kunawa. Kikombe cha mwisho alikirudisha kwenye dumu kwa uangalifu, akafunga kifuniko, akakikaza tena kwa kiganja. Dereva wake, aliyekuwa akielekea Burundi, alitukaribisha kwenye mkeka. Sisi tulitoa nyanya na vitunguu vya Gairo, wao wakatoa dagaa, tukala pamoja.

Barabara hii, inayotoka bandari ya Dar es Salaam ikapita Dodoma na Singida hadi mipaka ya Rwanda na Burundi, ndiyo Ukanda wa Kati. Ukitaka kujua maisha ya gari la kulala katika Afrika Mashariki, waulize watu wake. Ukilinganisha, sisi tuna raha zaidi. Kitanda chetu ni kipana, chao ni cha mtu mmoja chenye godoro jembamba. Sisi tunasimama tunapopenda, wao wanasubiriwa mpakani. Sisi hatuna cha kuibiwa zaidi ya sufuria, wao wanalala na mali ya mtu, na usingizi wao ni wa jicho moja. Lakini kwa elimu ya njia wametuacha mbali. Wanajua ni kituo kipi cha mafuta ambacho mlinzi wake haondoki, mama ntilie yupi huwasha moto saa kumi alfajiri, na bomba lipi hutoa maji ya chumvi ambayo hata chai huyakataa. Elimu hiyo haipatikani katika ramani ya simu. Inapatikana kwenye mkeka.

Kongwa, waliokuja na kila kitu

Kwenye kituo cha Mbande tuliiacha lami kuu tukachepuka kwenda Kongwa. Nilitaka kupaona kwa sababu hapa ndipo palipofanyika jaribio kubwa la watu kuingia uwanda wa kati wakiwa wamejibebea kila walichodhani watakihitaji. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga, na Kongwa ikawa kituo chake cha kwanza. Zililetwa tingatinga na matrekta, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vya vita kuu vilivyogeuzwa kuwa mashine za kilimo. Yalijengwa makazi ya Wazungu, karakana na hospitali. Lengo lilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni tatu katika mradi mzima.

Kilichokosekana ni maji, na ujuzi wa udongo. Mvua ya Dodoma huja kwa msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita mia tano na kitu. Masika yakipita, mfinyanzi wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na karanga zilizokomaa chini yake hazing'oki. Mizizi ya vichaka ilivunja meno ya mashine. Mapema 1951 mradi ulifungwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni thelathini. Wagogo, waliokuwa wakilima uwele na mtama na kuhamisha mifugo yao kufuata maji, walikuwa hapo muda wote, na ujuzi wao haukuingizwa katika hesabu.

Miaka michache baada ya uhuru, katikati ya muongo wa 1960, Kongwa ilipokea wageni wa aina nyingine. Serikali ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar iliwapa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika kambi hapo, wakiwemo wa ANC, FRELIMO na SWAPO. Hao walikuja na vitu vichache sana. Walikaa kwa sababu walikaribishwa, wakajifunza Kiswahili, wakajuana na vijiji vya jirani. Nikiwa nimesimama pale Kongwa niliona kipimo cha haki cha kumpima msafiri mwenye nyumba yake: mzigo alioubeba hausemi lolote mpaka ujue amekaribishwa na nani.

Jangwa la Marenga Mkali na malipo ya hongo

Kusini ya Kongwa ni Mpwapwa, na kati ya Mpwapwa na Mvumi ndiko lilikokuwa jangwa ambalo misafara ya karne ya 19 ililiita Marenga Mkali. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipitia huku, ikiwa na mahema, vyakula, mnyapara wa wapagazi na kirangozi mbele mwenye bendera. Wasafiri Wazungu Burton na Speke walipita Ugogo, nchi ya Wagogo, mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu na wapagazi wa Kinyamwezi walipita mara nyingi kuliko Wazungu hao, na wao ndio walioijua njia. Marenga Mkali ilivukwa kwa kutirikeza: msafara hupumzika asubuhi, hula na kunywa, kisha huondoka mchana jua likiwa limeanza kupungua, hutembea hadi usiku, hulala bila maji, na kabla ya mapambazuko huwa njiani tena.

Ukishavuka ulifika kwa watemi wa Ugogo, na hapo ulilipa hongo. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya, na msafara haukupita wala haukuchota kisimani mpaka mazungumzo yamekwisha, ambayo yangeweza kuchukua siku kadhaa. Wageni wengi wa Ulaya waliandika kwa hasira kuhusu hongo. Nikiitazama kutoka mlango wa nyuma wa Hiace, naiona kwa jicho la mwenyeji. Msafara wa mamia ya watu ukishuka kwenye kisima kimoja cha kiangazi, siku hiyo ng'ombe wa kijiji hawanywi. Aliyechimba kisima ana haki ya kuuliza: nani anakunywa, na analipa nini?

Gari letu linavuka njia ile kwa muda wa chakula cha mchana. Injini imefuta ugumu wa umbali. Ugumu wa maji haikuufuta, na kwa msafiri wa gari la kulala ndio unaoamua wapi pa kulala leo.

Dodoma, kulala katika makao makuu

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikahamia kwa kasi kuanzia 2016, na 2018 ikapewa hadhi ya jiji. Kwa msafiri mwenye kitanda chake, mji huu una faida moja iliyo wazi: Bunge likiwa limeketi, hasa wakati wa bajeti, vyumba vinajaa na bei hupanda. Sisi tuliegesha katika uwanja wa hosteli ya kanisa kwa ada ndogo, pamoja na kutumia bafu na choo. Ukilinganisha na Marekani, ambako viwanja vya magari ya kulala vina bomba, umeme na tundu la maji machafu kando ya kila gari, hapa hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna ua wenye ukuta, mlinzi mwenye sweta zito, na mti wa kivuli. Vilitutosha.

Choo ndilo swali ambalo watu huona aibu kuuliza, kwa hiyo nalijibu. Mjini unatumia choo cha hosteli, cha stendi au cha kituo cha mafuta, na unalipa. Kijijini unaomba choo cha shimo cha mwenyeji wako, na ukiondoka unakiacha safi kuliko ulivyokikuta. Porini unachimba, unafukia, mbali na mkondo wowote wa maji hata ukiwa mkavu, kwa maana mchanga huo huo ndiyo benki ya maji ya watu.

Upepo wa Dodoma na vumbi lake vinataka uzoefu. Gari huegeshwa pua ikielekea upepo unakotoka, vinginevyo ukifungua mlango wa nyuma kupika, jiko halishiki na vumbi linaingia ugalini. Usiku wa Juni na Julai, katika mwinuko huu wa zaidi ya mita elfu moja, unahitaji blanketi, jambo ambalo mtu wa pwani halitarajii. Jua nalo linalipa fidia. Tangu asubuhi mpaka jioni paneli ilijaza betri bila tatizo.

Jioni tulikwenda mnada wa Msalato kula nyama ya mbuzi. Mjomba aliongea na wachomaji kwa majina ya wanaume ambao wengi wao wameshafariki, na kila jina lilifungua hadithi nyingine ya barabara. Zabibu ziliuzwa kwenye vikapu kando ya njia. Mzabibu wa Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi za baridi haziliwezi.

Maji tuliyojaza Dodoma yanatoka ardhini, katika bonde la Makutupora kaskazini mwa mji, kwenye visima vya Mzakwe. Vipimo vilivyowekwa huko kwa zaidi ya miaka hamsini vimeonyesha jambo la kufikirisha. Mvua ya kawaida haijazi hifadhi ile. Hujazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997 hadi 1998, kisha mji hunywa akiba hiyo kwa miaka. Kila lita iliyoingia kwenye tangi letu huenda ilinyesha mwaka ambao wengi wa vijana wa mji huu walikuwa hawajazaliwa. Nikifungua bomba la gari nilikuwa nikiifunga kwa haraka kuliko nilivyozoea nyumbani.

Mbele ya Mayamaya, kijiji kinachotoa ruhusa

Barabara ya kwenda Babati, sehemu ya ile njia kuu ya kaskazini inayotajwa katika safari za kutoka Cape Town hadi Cairo, ilizinduliwa ikiwa na lami 2018. Zamani, alivyonieleza mjomba, masika yalikuwa yakiikata na malori yakizunguka Morogoro na Chalinze ili kufika Arusha. Sasa unateleza mpaka Kondoa. Ubaya wa lami nzuri ni kwamba hakuna kinachokulazimisha kusimama, na usiposimama huijui nchi.

Tulisimama katika kijiji kimoja mbele ya Mayamaya. Hapa pana tofauti kubwa na nchi nyingine. Sweden, kwa mfano, mila yao humruhusu mtembea kwa miguu kupiga hema usiku mmoja katika ardhi ya mtu bila kuomba, ingawa gari haliruhusiwi kuingia porini. Kwetu ardhi ya kijiji ina msimamizi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeikabidhi halmashauri ya kijiji. Kwa hiyo pori unaloliona tupu si la bure. Lina mwenyekiti na mtendaji, na mara nyingi lina mzee ambaye anajua ni mti gani hauegeshewi gari kwa sababu ya matambiko.

Tuliwakuta mwenyekiti na wenzake chini ya mbuyu. Mjomba alivua kofia, akasalimia kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa uso wa furaha. Mimi nikawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Tulieleza tunatoka wapi, tunakwenda wapi, na kwamba tunaomba kulala usiku mmoja. Majina yetu yakaandikwa kwenye daftari la wageni pamoja na namba ya gari. Mwenyekiti alituonyesha uwanja karibu na shule, akasema, "Hapa watoto watawasumbua kidogo, lakini mtakuwa salama." Watoto walikuja kweli. Walitaka kuona kitanda, na binti mmoja akauliza kama gari lina bibi ndani yake, maana nyumba yao ina bibi.

Asubuhi tulikwenda kutafuta maji. Mto ulikuwa mchanga mtupu, mpana, mweupe. Katikati yake mama mmoja wa makamo alikuwa amepiga magoti ndani ya shimo lililofika kiunoni mwake, akiteka kwa kibuyu kilichokatwa. Anateka kata moja, anaimimina ndooni kupitia kitambaa, anasubiri maji yajikusanye tena kwenye kitako cha shimo, anateka nyingine. Kuzunguka shimo alikuwa amepanga matawi ya miiba ili mbuzi wasiingie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Ndiyo nyie wenye nyumba ya shuleni?"

"Ndiyo, mama. Tunaomba kununua maji."

Alitutazama, akatazama dumu letu. "Maji ya mchanga siuzi. Hiyo ndoo moja chukueni. Zaidi ya hapo nendeni kisima cha kijiji mkalipie kama sisi tunavyolipia."

Tuliichukua ndoo, tukamsaidia kubeba zake mbili hadi kwake, kisha tukaenda kwenye kisima cha pampu tukajaza kwa bei ya wanakijiji. Lakini hesabu ya asubuhi ile sikuiacha mtoni. Tangi letu la lita sitini, ambalo mjini nililiona dogo, ni ndoo tatu. Kwa kasi ya kata ile, ndoo tatu ni sehemu kubwa ya asubuhi ya mama yule, akiwa amepiga magoti. Tangu hapo tulioga kwa kopo, vyombo tukavifuta kwa majani makavu kabla ya kuviosha, na maji ya kuoshea mchele yakawa ya kupikia mlenda.

Kolo, waliolala chini ya miamba

Ukijani wa Kondoa ulinishangaza. Makorongo mekundu yaliyochongwa na mmomonyoko bado yapo, lakini miti imerudi. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika zaidi. Wafugaji walipoteza mengi kwa uamuzi huo, na mlima unaouona leo umefunikwa kwa gharama yao. Msafiri anayefurahia kivuli cha Kondoa anapaswa kulijua hilo.

Kolo, kaskazini ya mji, unaripoti ofisini, unalipa, unapewa mwongozaji. Michoro ya miambani ya Kondoa, yenye mapango na vibanda vya mawe zaidi ya mia na hamsini, iliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Mtafiti Mary Leakey alikuja 1951 kuinakili kwa mkono. Njia ya mwisho inapandwa kwa miguu, Hiace haikupanda. Juu, chini ya paa la jiwe, kuna watu waliochorwa kwa rangi nyekundu, warefu, wembamba kupita kiasi, vichwa vyao kama vimesukwa au vimevikwa kitu kikubwa. Kuna twiga. Kuna pofu mwenye shingo nene, amechorwa na mtu aliyewahi kumwona pofu kwa karibu.

Mwongozaji alitueleza kwa nini baadhi ya michoro imefifia. Wageni wa zamani waliimwagia maji ili rangi ing'ae kwenye picha zao. Alituomba tusiguse, na tuzime mwanga wa kamera. Alisema pia kwamba wenyeji bado hufika kwenye baadhi ya miamba hii kwa matambiko. Basi wachoraji wale nao walikuwa na malazi yasiyojengwa: paa la jiwe, moto mbele, bonde lote machoni. Walichagua mahali pa kulala kwa kutazama maji na wanyama, na uchaguzi wao ni mzuri hata leo. Tulilala chini ya miamba yao, kwenye uwanja tulioonyeshwa, na usiku ule nyota zilikuwa nyingi kiasi kwamba mjomba, ambaye amelala nje kwa miaka mingi, alikaa kwenye kiti cha kukunja muda mrefu bila kuzungumza.

Bahi, Manyoni, Singida

Tulirudi Dodoma tukashika magharibi. Nala kuna mizani. Magari yenye uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu lazima yapimwe, kwa hiyo anayetengeneza gari la kulala kutokana na Coaster au lori dogo ahesabu uzito wa mbao, betri na matangi mapema. Sisi tulipita. Vijijini mwendo ni kilomita hamsini kwa saa, na askari wa trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo. Faini ni shilingi elfu thelathini. Mtungi wa kuzimia moto na vibao vya pembetatu viwe karibu, visifukiwe chini ya godoro.

Bahi ni bonde la tope na mpunga. Kiangazi linapitika kirahisi, masika udongo mweusi wa njia za pembeni hulimeza gari hadi ekseli. Kuanzia Kintinku barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Manyoni, na injini yetu ilipanda taratibu nyuma ya malori, mjomba akitaja gia kabla sijaibadilisha. Magari ya zamani hayakuwa na breki za leo, alisema, na dereva mwema alijulikana kwenye mteremko kuliko kwenye mpando.

Singida ni mji wa mawe makubwa, alizeti na kuku wa kienyeji. Una maziwa mawili, Singidani na Kindai, na heroe husimama majini kwa makundi. Tuliegesha mahali tuliporuhusiwa tukitazama Singidani, maji mpaka upeo wa macho, na dumu letu likiwa karibu tupu, kwa kuwa maji ya ziwa lile ni ya chumvi. Kijana wa bodaboda alituletea madumu mawili kutoka bombani.

Kutoka hapo barabara ya Babati inapita Katesh, chini ya Mlima Hanang, ambako usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 na asubuhi yake maporomoko ya tope na mawe yaliua watu zaidi ya 80. Naliandika hili kwa ajili ya kila atakayevutiwa na mchanga laini na kivuli cha korongo kavu. Mvua inaweza kunyesha mlimani usikokuona na maji yakakufikia umelala. Korongoni halali mtu, hata kiangazi.

Hesabu ya mwisho

Kwa watu wawili, gari la kulala si njia ya bei rahisi. Mafuta, tairi zinazotobolewa na miiba ya migunga, na ada za hapa na pale zinazidi nauli ya basi na gesti. Treni inashinda kwa muda, basi kwa bei, gesti kwa maji ya kuoga. Gari la kulala linashinda kwa kitu kimoja: kila jioni linakulazimisha kuomba. Basi limenipitisha Mayamaya mara nyingi na sikuwahi kujua kwamba pana mto wa mchanga na mama anayekataa kuuza maji yake ila anatoa ndoo moja bure.

Atakayeijaribu njia hii aende kati ya Juni na Oktoba. Apange vituo kwa visima kwanza, mandhari baadaye. Afike kijijini saa kumi jioni, wakati viongozi wanapatikana na jua bado lipo, si usiku na taa kali. Alipie maji kwa bei ya wenyeji, wala asijaze tangi pale ambapo foleni ya ndoo ni ndefu.

Na kwa halmashauri za Dodoma, Manyoni, Kondoa na Singida nina ombi. Wasafiri wa aina hii wataongezeka sasa kwa kuwa lami imefika na watu wa mijini wanatafuta likizo za nchini. Wekeni vituo vidogo vya kijiji: kisima, choo safi, mlinzi, uwanja wenye kivuli, na ada inayolipwa kwa risiti na kubaki kijijini. Madereva wa malori nao wavitumie, maana wanavihitaji kuliko watalii. Watemi wa Ugogo walishaliona jambo hili zaidi ya miaka mia na hamsini iliyopita: anayepita na kunywa, achangie kisima. Wao walidai vitambaa na shanga. Leo tunaweza kudai fedha kwa bei iliyoandikwa ukutani, na kisima kinachofuata kikachimbwa kwa mchango wa wapita njia.